Bei Isiyotajwa Ni Mzigo: Niliyojifunza Nikiwanoa Vijana Masasi na Newala

Kila mwaka chuo kikikaribia kufungwa, utawasikia watu pale kwenye vimbweta wakipanga mambo ya likizo ndefu. Huyu anasema ataenda kufundisha twisheni kwao. Yule atawanoa vijana wa mtaani kwenye kompyuta. Mwingine anasoma mambo ya lishe na mazoezi, anataka kuwasimamia watu wazima wanaotaka kupunguza vitambi. Siku hizi wote tunajiita makocha. Mimi nilipojiita hivyo nyumbani Masasi, baba mdogo aliniuliza, "Kocha wa timu gani?"

Mipango hiyo huwa mizuri, kasoro kitu kimoja. Muulize mwenzako atatoza shilingi ngapi, utamwona anajikuna kichwa. "Aah, nitaangalia nikifika." "Kitaa hela hakuna, watanipa chochote." Nami nilikuwa hivyo hivyo. Nilidhani kukaa kimya kuhusu bei ni ubinadamu. Likizo yangu ya kwanza ilinionyesha kwamba kimya changu kilimuumiza mtu ambaye hasa nilitaka kumsaidia, na ndiyo maana naandika makala hii. Sitakwambia utoze kiasi gani. Nitakwambia namna ya kukipata hicho kiasi, kukitaja, na kukilinda.

"Mtatoa mtakachojaliwa"

Nilimaliza mwaka wa kwanza nikashuka Masasi mwanzoni mwa Agosti. Bumu lilikuwa limekata tangu Juni. Ndani ya wiki moja nikapata vijana tisa wanaorudia mtihani wa Kidato cha Nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Tulikubaliana Fizikia na Hisabati, siku tatu kwa wiki, saa mbili kila siku, barazani kwa jirani aliyetuazima ubao.

Siku ya kwanza wazazi kadhaa walikuja, wakauliza bei. Nikaona haya. Watu hawa wananijua tangu nakimbia pekupeku. Isitoshe, tangu Januari 2016 shule za serikali mpaka Kidato cha Nne hazitozi ada, na wazazi wengi wamezoea kwamba ualimu ni kitu ambacho serikali inakilipia. Nami nitoke chuoni na mwaka mmoja tu wa digrii, nitaje maelfu? Nikasema kwa upole, "Jamani, mtatoa mtakachojaliwa." Wakanishukuru sana. Nikaenda kulala nikijiona mtu mwema.

Mwisho wa mwezi nilikuwa nimepata shilingi 41,000, kuku mmoja na debe la mihogo. Kuku tulimla, mihogo tukaila, kwa hiyo tuzungumzie hizo 41,000. Nilikuwa nimetumia 29,000 kwa chaki, kutoa kopi za mitihani ya nyuma, bando la kutafutia maswali, na bodaboda siku za kuchelewa. Zikabaki 12,000. Darasani nilikaa saa 24. Lakini kila kipindi nilikiandaa kwa saa moja na kusahihisha madaftari kwa saa nyingine, kwa hiyo ongeza saa 24 zaidi. Jumla saa 48. Gawanya 12,000 kwa 48: shilingi 250 kwa saa.

Wiki ile ile nilipanda Newala kumsalimia bibi. Asiyeijua Newala aelewe hivi: Masasi iko chini, kwenye tambarare yenye vilima vya mawe, lakini Newala iko juu kabisa, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, unasimama Shimo la Mungu unaona bonde la Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji. Pazuri sana, ila juu kule hakuna mto. Mabomba yakikauka, maji yananunuliwa kwa ndoo. Kiangazi kile ndoo ya lita 20 mtaani kwa bibi ilikuwa shilingi 500. Nikapiga hesabu nikiwa nimeshika ndoo mkononi: saa nzima ya Fizikia yangu ilikuwa nusu ndoo ya maji.

Ningeweza kuishia hapo nikalalamika kwamba watu wa kwetu hawathamini elimu. Bahati nzuri sikupata nafasi ya kulalamika.

Binti aliyeacha kuja

Kwenye wale tisa kulikuwa na binti mmoja aliyetaka kusoma uuguzi. Alikuwa na alama za kutosha kwenye Bailojia na Kemia, Fizikia ndiyo iliyomwangusha. Alihitaji D tu. Alikuwa anakaa mbele, anauliza, anarudi na maswali yote yamefanywa. Wiki ya tano akaacha kuja. Nikasema moyoni, ndivyo walivyo, wanaanza kwa moto halafu wanapoa.

Wiki tatu baadaye nikakutana na mama yake sokoni. Nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu."

Nikamuuliza habari za binti. Akaangalia pembeni, akapanga upya mafungu ya nyanya ambayo yalikuwa yamepangika vizuri tu. Kisha akasema, "Mwalimu, wewe ulisema tutoe tulichojaliwa. Wenzangu nasikia mmoja kakupa kuku, mwingine elfu kumi. Mimi sikujua ninachokupa kitakuwa heshima au matusi. Kila binti akirudi kutoka kwako naona deni linakua, na silijui ni kiasi gani. Nikamwambia apumzike kwanza mpaka tuuze korosho."

Mpaka tuuze korosho. Minada ya korosho kwetu huanza Oktoba, na mkulima hupata hela yake siku kadhaa baada ya mnada. Mtihani wa Kidato cha Nne ni Novemba. Nami chuo kingefunguliwa kabla ya hapo. Hesabu ile haikuwa na nafasi ya binti yule.

Nilimwomba amrudishe siku hiyo hiyo bila malipo, akarudi, tukasukuma wiki mbili zilizobaki. Januari matokeo yakatoka. Fizikia, F.

Siwezi kusema kwamba alifeli kwa sababu yangu peke yangu. Lakini wiki zile tatu nazijua zilikotoka. Nilipokataa kutaja bei, kazi ya kuipanga haikuisha. Niliihamisha tu, nikamtwika mama muuza nyanya. Mwenye nacho alitoa kuku akalala usingizi. Asiye nacho alibaki na deni lisilo na tarakimu, na deni la namna hiyo hulipiki. Kitu pekee unachoweza kufanya nalo ni kulikimbia.

Anza na gharama, si na woga

Likizo iliyofuata nilijipanga. Hesabu niliifanya nikiwa bado Dar, kwa sababu ukifika nyumbani ukaanza kuona nyuso za watu, hesabu inageuka huruma. Ilikuwa hivi.

Wiki kumi, siku tatu kwa wiki, saa mbili: saa 60 za darasani. Kuandaa na kusahihisha nikaweka saa 40, maana nilikuwa na madesa ya mwaka uliopita. Jumla saa 100. Kila kocha mpya husahau hizo 40. Anahesabu muda anaoonekana, anasahau muda ambao yuko chumbani na kalamu. Kama wewe unamnoa mtu kuzungumza mbele ya watu, muda wa kusikiliza rekodi zake ni kazi. Kama unamwandalia mtu ratiba ya mazoezi, kuiandika ni kazi.

Saa moja yangu ni shilingi ngapi? Usilijibu swali hili kwa kujiangalia kwenye kioo. Jiulize: saa hiyo nisingefundisha, ningepata nini? Rafiki yangu aliyekuwa saidia fundi pale pale Masasi alikuwa analipwa 12,000 kwa siku ya saa nane, yaani 1,500 kwa saa. Nikasema kazi yangu inahitaji maandalizi zaidi, nikaweka 2,000. Saa 100 mara 2,000 ni 200,000. Gharama za kopi, chaki, umeme wa jioni na usafiri nikakadiria 100,000. Jumla 300,000.

Halafu gawanya kwa idadi ya watu. Hapa usijidanganye. Baraza lilitosha watu 15, nami nikagawa kwa 12, kwa sababu wengine hawatakuja na wengine wataishia njiani. Nikapata 25,000 kwa kila mmoja kwa msimu mzima. Hiyo haikuwa bei. Ilikuwa sakafu, yaani chini ya hapo ninafanya kazi kwa hasara na afadhali nikabebe zege.

Kisha nikauliza bei za wengine. Walimu waliokuwa wanafundisha twisheni ya aina hiyo mtaani kwetu walikuwa wanatoza kama 15,000 kwa mwezi, ambayo kwa miezi miwili na nusu ni 37,500. Kwa hiyo nilikuwa na nafasi kati ya 25,000 na 37,500. Nikaweka 30,000. Kwa nini si 25,000, nikawavuta wanafunzi wote wa mji? Kwanza, wale walimu wana familia, wapo pale mwaka mzima, mimi ni mgeni wa miezi mitatu mwenye chakula cha mama. Kuwavunjia soko halafu nikapanda basi kurudi Dar si ujanja. Pili, ile 5,000 ya juu ndiyo iliyonipa uwezo wa kusaidia watu kwa mpango. Watu 12 mara 5,000 ni 60,000. Humo niliweka viti viwili vya nusu bei, na akiba ya watakaoshindwa kulipa. Viti hivyo nilivitangaza siku ya kwanza, anayehitaji aniambie faragha, sitamuuliza maswali. Ukitaka kusaidia, ubinadamu wako uwe na bajeti, la sivyo utaishia mwezi wa kwanza.

Angalia pia kwamba sikutaja bei ya saa. Ukimwambia mzazi "elfu mbili kwa saa" anaanza kuhesabu dakika ulizotumia kunywa chai. Nilitaja bei ya kazi nzima: mada hizi kumi na mbili, mitihani minne ya majaribio iliyosahihishwa, wiki kumi. Nikaiandika kwenye karatasi moja, na chini yake nikaandika nisichoahidi: siahidi alama. Naahidi kufundisha, kusahihisha na kumwambia mzazi ukweli.

Lini ni sehemu ya bei

Huku kwetu kiasi ni nusu tu ya bei. Nusu nyingine ni tarehe.

Kwa wasomaji wa mikoa mingine, nieleze kidogo. Tangu msimu wa 2007/08 korosho zinauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima hauzi mwenyewe barabarani. Anapeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, zinapimwa, anapewa stakabadhi, zinakwenda ghala kuu. Huko juu kuna chama kikuu: TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi na Mtwara. Wanunuzi wanashindana kwa bei mnadani, wakulima wanakubali au wanakataa, wakikubali ndipo hela inaanza safari, na kabla haijamfikia mkulima kuna makato. Kwa hiyo mzazi wa Agosti na mzazi wa Novemba ni mtu yule yule mwenye mifuko miwili tofauti. Ukimdai 30,000 mwezi wa Agosti atakwambia huna utu. Mwezi wa Novemba anaitoa huku anazungumza na simu.

Basi nikagawa: 10,000 siku ya kuanza, 20,000 ifikapo mwisho wa Oktoba kwa njia ya simu, kwa kuwa nitakuwa nimeshaondoka. Ile 10,000 ya mwanzo ilikuwa na kazi mbili. Ilinilipia kopi na chaki, na ilimfanya kijana ajue kwamba jambo limeanza.

Lakini usifunge malipo yako yote kwenye mnada. Wote tunaukumbuka msimu wa 2018. Wakulima waligoma kuuza kwa bei zilizotajwa minadani, na Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaingia kusomba korosho. Bei ilikuwa nzuri, ila wapo waliosubiri hela yao miezi mingi. Mimi nilikuwa bado shule, nakumbuka maduka yaliyojaa madaftari ya madeni. Kwa hiyo kwenye karatasi yangu niliandika tarehe, sikuandika "baada ya korosho". Nikaongeza sentensi moja: mnada ukichelewa, mzazi anipigie tupange tarehe nyingine. Mtu aliyepewa mlango wa kupitia hazimi simu.

Kuna kishawishi kingine. Baba mmoja aliniambia Agosti, "Mwalimu, hela sina, lakini mikorosho si unaiona? Nikupe makopo kadhaa zikianza kudondoka, tumalizane." Kwa haraka unaweza kuona ni jambo jema. Ila hiyo ndiyo kangomba yenyewe: kuchukua korosho za mtu kwa kipimo cha kopo, nje ya mfumo, kwa bei ya mwenye shida. Ni kosa kisheria, na ni dhuluma, kwa sababu kopo la Agosti lina thamani nyingine kabisa mwezi wa Novemba. Nikamwambia, "Hapana baba, hizo peleka ghalani, mimi nitasubiri tarehe yetu."

Usiku ule nikacheka peke yangu. Mwaka uliopita mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nimejiuza kwa kangomba. Mkulima wa kangomba anauza mapema na kwa bei ya chini kwa sababu ana shida leo na hana pa kupimia. Mwanachuo aliyeishiwa bumu anafanya vivyo hivyo: anatoa ujuzi wake kwa kopo lolote, kwa kuwa hajawahi kuuweka kwenye mizani.

Mzee wa Newala na nauli yangu

Likizo hiyo ya pili watu wa Newala pia walinitaka. Nikapanga kwenda kila Jumamosi, mara kumi, saa nne kila safari: saa 40, na saa 20 za maandalizi. Saa 60 mara 2,000 ni 120,000. Nauli kwenda na kurudi 10,000, mara kumi ni 100,000. Kopi 20,000. Jumla 240,000, wanafunzi wanane: 30,000 kila mmoja, sawa na Masasi.

Tulikutana barazani kwa bibi. Nikataja bei, nikanyamaza. Kunyamaza huku nilikuwa nimekufanyia mazoezi, maana kocha mpya akishataja bei huwa hatulii. Anasema elfu thelathini, halafu papo hapo, "lakini tunaweza kuongea," halafu, "hata ishirini si mbaya," na hakuna mtu aliyefungua mdomo bado! Anajadiliana bei na woga wake mwenyewe.

Mzee mmoja akavunja kimya. "Mjukuu wangu, jana tu ulikuwa unachunga mbuzi wa bibi yako hapa. Leo elfu thelathini?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Akaendelea, bila kicheko sasa: "Nasikia Masasi unawafundisha siku tatu kwa wiki. Huku siku moja. Bei ile ile. Kwa nini?"

Swali la haki. Mwaka wa nyuma ningeshusha pale pale. Safari hii nikatoa daftari, nikamwonyesha: hii nauli, hizi kopi, huu muda. Akasoma kama anavyosoma stakabadhi, kidole kwenye kila mstari. Kidole kikasimama kwenye nauli. "Huku una bibi, una kitanda. Kwa nini upande mara kumi? Panda mara tano. Ukija, fundisha Jumamosi, lala, fundisha na Jumapili mchana, ndipo ushuke."

Nikahesabu. Saa za darasani zilikuwa zile zile 40. Nauli ikashuka kutoka 100,000 hadi 50,000. Jumla ikawa 190,000, kugawa kwa wanane ni 23,750. Nikasema 24,000. Mzee akanipa mkono. Bibi akasema na maji ya kuoga siku hizo mbili asiulizwe yeye, wazazi walete ndoo kwa zamu. Wakakubali.

Kama ningeshusha bila hesabu, mzee angejua kwamba bei yangu ya kwanza ilikuwa ya kubahatisha, na mwaka unaofuata angeanza kuivuta kutoka chini zaidi. Sasa tulikuwa tumeshusha gharama wote wawili. Kanuni niliyoipata kwake ndiyo ninayoitumia mpaka leo: mtu akitaka bei ipungue, tafuteni kwanza kitu cha kupunguza. Nauli, idadi ya vipindi, mitihani ya majaribio, ukubwa wa kundi. Kikipungua, bei nayo ishuke bila manung'uniko. Kisipopungua, ukashusha tu, hiyo tofauti unailipa wewe, na utaanza kuilipizia darasani: utachelewa, utaacha kusahihisha, utaruka mada. Wanafunzi wataipata huduma ya bei uliyoona moyoni kwamba wamelipa.

Na usipandishe katikati. Ukigundua umekosea hesabu wiki ya tatu, meza hasara yako, andika kwenye daftari, urekebishe msimu ujao. Mkulima anaweza kuukataa mnada kabla ya kuuza. Akishakubali, hawezi kurudi kesho kudai nyongeza.

Ilivyokuwa mwisho

Masasi walikuja 12 kweli. Kumi kwa bei kamili, wawili kwa nusu. Kama wote wangelipa ningepata 330,000. Wawili wa bei kamili walitoa 10,000 za mwanzo na hizo 20,000 zilizobaki sijaziona mpaka leo, kwa hiyo nikapata 290,000. Ondoa gharama 100,000, gawanya kwa saa 100: shilingi 1,900 kwa saa. Si utajiri. Sikufika hata kwenye ile 2,000 niliyoipanga. Lakini toka 250 hadi 1,900 ni safari, na hakuna niliyemdanganya njiani.

Jambo lililonigusa zaidi lilitokea siku ya kuandikisha. Yule mama wa nyanya alikuja wa kwanza, na binti nyuma yake. Nilikuwa nimeshamtengea kimoja cha vile viti viwili vya nusu bei. Nikamvuta pembeni nikamweleza taratibu. Akasoma ile karatasi yangu, akaikunja, akaiweka kwenye pindo la khanga.

"Hapana mwanangu. Kiti hicho mpe mwingine. Mwaka jana hukuniambia kiasi. Ukishaniambia, naweza kukipanga."

Akatoa elfu kumi, noti za elfu mbili mbili. Zile 20,000 zilizobaki zilinifikia kwa simu tarehe 24 Oktoba, siku saba kabla ya tarehe yetu, nikiwa kwenye foleni ya chakula Mabibo. Binti hakukosa kipindi hata kimoja. Januari akanitumia ujumbe wa herufi moja: D. D ya Fizikia si ya kuchinjia mbuzi, ila ndiyo iliyokuwa inakosekana.

Kwa hiyo, mwenzangu unayefungasha begi, kabla hujapanda basi kaa chini na karatasi. Andika saa zako zote, zikiwemo za chumbani. Andika gharama. Gawanya kwa watu wachache kuliko unaowatarajia. Uliza bei za wenyeji. Tenga viti vya wasio na uwezo mapema, vihesabike. Uliza watu wa kwenu wanapata hela mwezi gani, kama ni korosho, kahawa, mpunga au mshahara, na upange tarehe kwa kalenda yao. Halafu siku ya kwanza, kabla chaki haijagusa ubao, taja kiasi kwa sauti ya kawaida, kisha nyamaza. Atakayejibu kwanza awe mzazi.